Maswali ya Wasomaji: Wagonjwa Kumi, Lakini Kati ya Watu Wangapi?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi, udaktari, maabara na afya ya jamii wanaoanza somo la epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea katika jamii. Tumechagua sita. Zinauliza mambo tofauti, lakini ndani ya karibu zote limejificha kosa lilelile: namba ya juu ya sehemu, yaani kiasi, imeshikwa vizuri, na namba ya chini, yaani asili, imesahaulika. Msishangae basi tukiwarudisha huko mara kwa mara.

Mwalimu wetu alisema dawa nzuri inaweza kupandisha kiwango cha ugonjwa katika jamii. Inawezekanaje? Na kwa nini ugonjwa mmoja una viwango viwili?
*Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza*

Mwalimu yuko sahihi. Viwango ni viwili kwa sababu maswali ni mawili. La kwanza: leo hii, ni wangapi wanaumwa? Hicho ni kiwango cha wagonjwa waliopo. La pili: kati ya waliokuwa wazima, ni wangapi wameanza kuumwa ndani ya muda fulani? Hicho ni kiwango cha wagonjwa wapya.

Chukua watu 1,000 unaowafuatilia mwaka mzima, kwa ugonjwa ambao mtu akishaupata haupati tena. Tarehe 1 Januari, 40 tayari wanaumwa. Kufikia tarehe 31 Desemba wamejitokeza wagonjwa wapya 24, na katika wale 40 wa mwanzo 10 wamepona na 4 wamefariki. Waliopo mwanzoni ni 40 kati ya 1,000, yaani asilimia 4. Waliopo mwishoni ni 40 ukijumlisha 24 na kutoa 14, sawa na 50, na unawagawanya kwa watu 996 walio hai: kama asilimia 5. Sasa wagonjwa wapya. Hapa ndipo wengi wanapogawanya 24 kwa 1,000 na kupoteza alama. Wale 40 hawakuwa katika hatari ya kuanza kuumwa kwa sababu walikwishaanza, kwa hiyo asili ni 960 na jibu ni asilimia 2.5. Tofauti ya 2.4 na 2.5 inaonekana ndogo, lakini katika jamii ambayo nusu ya watu tayari wana ugonjwa, kosa hilohilo litakupa nusu ya jibu la kweli.

Kuna njia iliyo makini zaidi, nayo ni kuhesabu muda badala ya vichwa. Mtu aliyekaa mzima mwaka mzima anachangia mwaka-mtu mmoja. Aliyeugua katikati ya mwaka anachangia nusu. Tukichukulia kwamba wale 24 kwa wastani waliugua katikati ya mwaka, tunapata 936 kutoka kwa waliobaki wazima na 12 kutoka kwa wale 24, jumla miaka-watu 948. Gawanya 24 kwa 948, utapata kama wagonjwa wapya 25.3 kwa kila miaka-watu 1,000. Njia hii ndiyo ya kutumia watu wanapoingia na kutoka kwenye utafiti kwa nyakati tofauti, jambo ambalo kwenye utafiti halisi hutokea karibu kila mara.

Turudi kwenye dawa. Ugonjwa ukiwa nadra na hali ikiwa imetulia, kiwango cha waliopo hukaribia kiwango cha wapya ukizidisha kwa muda wa wastani wa kuugua. Wagonjwa wapya 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka, na ugonjwa unaomuua mtu baada ya miaka 3, hukupa waliopo 6 kwa 1,000. Ikija dawa isiyoponya lakini inayomwezesha mtu kuishi nao miaka 15, waliopo watafika 30 kwa 1,000, ilhali maambukizi mapya hayajaongezeka hata moja. Dawa za kufubaza VVU zina athari ya namna hiyo: watu wanaishi, na kwa kuwa wanaishi wanahesabiwa. Anayepanga dawa, vitanda na watumishi anahitaji kiwango cha waliopo. Anayetafuta chanzo cha ugonjwa, au anayetaka kujua kama kinga inafanya kazi, atazame wapya.

Kwa nini kila kitabu kinaanza na daktari John Snow na ile pampu ya maji? Inatusaidia nini leo?
*Mwanafunzi wa afya ya jamii*

Inasaidia, ila tunaona kwamba vitabu vingi vinasisitiza sehemu isiyo na nguvu. Snow, daktari wa London, aliamini kwamba kipindupindu huenezwa na maji machafu, na kwa ushauri wake mpini wa pampu ya mtaa wa Broad Street uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854. Wakati huo kipindupindu kilikuwa tayari kinapungua mtaani, na wakazi wengi walikwishakimbia. Ukiegemea hapo peke yake, mpinzani atakuambia mlipuko ungeisha wenyewe.

Ushahidi mzito uko kusini mwa jiji hilohilo. Kampuni mbili ziliuza maji kwenye mitaa ileile, mara nyingine nyumba zinazopakana. Southwark and Vauxhall ilichota maji ya mto Thames mahali palipochafuliwa na majitaka ya jiji; Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pa kuchotea mwaka 1852, ikaenda upande wa juu wa mto, kabla ya majitaka hayo. Matajiri na maskini, nyumba kubwa na ndogo, walichanganyika katika wateja wa kampuni zote mbili. Snow alihesabu vifo, kisha akafanya kile kinachomfanya astahili kukumbukwa: alitafuta asili. Southwark and Vauxhall ilikuwa na vifo 1,263 katika nyumba 40,046, yaani 315 kwa kila nyumba 10,000. Lambeth ilikuwa na vifo 98 katika nyumba 26,107, yaani kama 37 kwa kila nyumba 10,000. Tofauti ni zaidi ya mara nane. Mkazi asipojua anauziwa na nani, Snow alipima chumvi ya maji kwa nitrati ya fedha, kwa kuwa maji ya kampuni moja yalikuwa na chumvi nyingi kuliko ya nyingine.

Angekuwa na idadi ya watu badala ya nyumba, kipimo kingekuwa bora zaidi, maana nyumba hazilingani kwa idadi ya wakazi. Lakini alitumia asili iliyopatikana, na aliitumia sawasawa kwa pande zote mbili.

Ninachanganya uwiano wa hatari na uwiano wa odi. Nitajuaje nitumie upi? Naomba mfano wenye namba.
*Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili*

Watu 150 walikula pamoja kwenye mkutano. Waliokula saladi ya mayai ni 80, na kati yao 48 waliugua tumbo. Wasioila ni 70, na kati yao 7 waliugua. Kabla ya kugusa kikokotoo, chora jedwali la visanduku vinne. Mistari iwe ya waliokula na wasiokula. Safu ziwe za walioumwa na wasioumwa. Mstari wa kwanza: 48 na 32. Wa pili: 7 na 63. Ukigeuza mistari kuwa safu bila kujua, hesabu zote zitaenda kombo, na hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote katika majibu mnayotutumia.

Hatari ya waliokula ni 48 kwa 80, asilimia 60. Hatari ya wasiokula ni 7 kwa 70, asilimia 10. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: uwiano wa hatari ni 6. Ukitoa badala ya kugawanya, unapata 50: katika kila watu 100 waliokula, 50 waliugua zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa kama wasingekula. Andika zote mbili. Uwiano unaeleza uzito wa uhusiano. Tofauti inaeleza ukubwa wa madhara kwa watu. Hatari ikipanda kutoka 1 hadi 6 kwa kila watu milioni, uwiano ni uleule 6, lakini msiba si uleule.

Odi ni kitu kingine. Badala ya kugawanya walioumwa kwa wote, unagawanya walioumwa kwa wasioumwa: 48 kwa 32, na 7 kwa 63. Uwiano wa odi hupatikana kwa kuzidisha kimshazari: 48 mara 63, gawanya kwa 32 mara 7. Jibu ni 13.5. Jedwali ni lilelile, na umepata 6 na 13.5! Hakuna iliyokosewa, ila anayesema “waliokula saladi walikuwa na hatari mara 13.5” amekosea, kwa sababu hicho si kipimo cha hatari. Ugonjwa ukiwa nadra vipimo hivi viwili hukaribiana. Waugue 6 kati ya 1,000 upande mmoja na 1 kati ya 1,000 upande wa pili: uwiano wa hatari ni 6, uwiano wa odi ni 6.03.

Mbona basi tusitumie uwiano wa hatari siku zote? Kwa sababu kuna tafiti ambazo asili haipo. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao wa hospitali za London. Walichukua wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, na wanaume 649 wagonjwa wa maradhi mengine kuwa walinganishwa. Kati ya wenye saratani, 647 walikuwa wavutaji na 2 hawakuwa. Kati ya walinganishwa, 622 walikuwa wavutaji na 27 hawakuwa. Ukijaribu kupata “hatari ya wavutaji” kwa kugawanya 647 kwa jumla ya wavutaji 1,269, unapata asilimia 51. Namba hiyo haina maana yoyote. Watafiti wangeamua kuchukua walinganishwa mara mbili, wavutaji kati yao wangekuwa 1,244, na “hatari” ingeshuka ghafla hadi asilimia 34, ingawa sigara hazijabadilika. Uwiano wa odi haubadiliki: 647 mara 27, gawanya kwa 622 mara 2, ni kama 14, na ukiongeza walinganishwa mara mbili bado ni 14.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni hii. Ukianza na watu walio wazima na kuwafuatilia, au ukiwa na orodha kamili ya wote kama kwenye ule mkutano, tumia uwiano wa hatari. Ukianza kwa kuchagua wagonjwa na wasio wagonjwa kisha kurudi nyuma kuuliza walifanya nini, tumia uwiano wa odi.

Jihadharini pia na uchaguzi wa walinganishwa. Waliolazwa kwa maradhi mengine huenda baadhi wamelazwa kwa maradhi yaliyoletwa na kihatarishi hichohicho kinachochunguzwa, kwa mfano sigara. Hapo wavutaji wanazidi miongoni mwa walinganishwa na uhusiano unaonekana dhaifu kuliko ulivyo.

Kipimo chetu cha uchunguzi kina usikivu wa asilimia 95 na umahususi wa asilimia 95. Mtu akipata jibu chanya, si ana uhakika wa asilimia 95 kwamba anaumwa?
*Mwanafunzi wa maabara*

Hapana, na tunaomba swali hili mlichukulie kwa uzito kwa sababu siku moja mtampa mtu jibu hilo ana kwa ana. Usikivu una asili yake: wagonjwa wa kweli. Unauliza, kati ya wanaoumwa, kipimo kinawanasa wangapi? Umahususi una asili nyingine: wazima. Unauliza, kati yao, wangapi wanapata jibu hasi? Mtu aliyekaa mbele yako anauliza jambo la tatu: kati ya waliopata jibu chanya kama mimi, wangapi wanaumwa kweli?

Pima watu 10,000 katika jamii ambayo ugonjwa uko kwa asilimia 1. Wagonjwa ni 100, na kipimo kinawanasa 95. Wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao, yaani 495, wanapata jibu chanya lisilo la kweli. Majibu chanya yote ni 590. Gawanya 95 kwa 590: asilimia 16. Katika kila watu sita unaowaambia wana ugonjwa, karibu watano hawana.

Chukua kipimo hichohicho, usibadilishe kitu, ukitumie kliniki ambako asilimia 20 ya wanaofika wanaumwa. Kati ya 10,000, wagonjwa ni 2,000 na wanaonaswa ni 1,900. Wazima ni 8,000 na wanaopata chanya ya uongo ni 400. Sasa 1,900 kwa 2,300 ni kama asilimia 83. Hii ndiyo sababu kipimo kilichosifiwa hospitalini kinaweza kuwatisha watu bure kikipelekwa kwa umma wote.

Tiba ya tatizo ni kipimo cha pili kwa waliopata chanya. Wale 590 wakipimwa tena kwa kipimo chenye sifa kama hizo, wagonjwa watakaobaki chanya ni kama 90 na wazima kama 25, hivyo uhakika unapanda hadi karibu asilimia 78. Sharti ni kwamba kipimo cha pili kisikosee kwa sababu ileile iliyokikosesha cha kwanza. Kurudia kipimo kilekile kwa damu ileile mara nyingi kunarudia kosa lilelile.

Mkoa A una vifo 11 kwa watu 1,000 kwa mwaka, mkoa B una 5.7. Nikiandika kwamba afya ya mkoa B ni bora, nimekosea?
*Mwanafunzi wa takwimu za afya*

Huenda umekosea kabisa. Uliza kwanza umri wa watu. Tuseme kila mkoa una watu 10,000. Katika A, nusu wana miaka 50 au zaidi. Katika B, wa umri huo ni 1,000 tu. Vifo vya walio chini ya miaka 50 ni 2 kwa 1,000 katika A na 3 kwa 1,000 katika B. Vya wenye 50 na kuendelea ni 20 kwa 1,000 katika A na 30 kwa 1,000 katika B. Jumlisha: A inapata vifo 10 na 100, ambavyo ni 110, B inapata 27 na 30, ambavyo ni 57. B ni mbaya katika kila umri, lakini inaonekana bora kwa sababu ina vijana wengi.

Kusawazisha kwa umri kunaondoa udanganyifu huo. Chagua jamii moja ya kulinganishia, kwa mfano yenye asilimia 70 chini ya miaka 50 na 30 juu yake, kisha tia viwango vya kila mkoa humo. A: 1.4 na 6, jumla 7.4 kwa 1,000. B: 2.1 na 9, jumla 11.1. Namba hizi ni za kulinganishia tu. Usiziandike kana kwamba ni vifo vilivyotokea. Umri hapa ni kivurugi, yaani kitu cha pembeni kinachopotosha ulinganisho: unahusiana na mkoa, unahusiana na kifo, na hauko kwenye njia ya kutoka kimoja hadi kingine. Kitu kinachokosa mojawapo ya sifa hizo tatu si kivurugi, na kukisawazisha kunaweza kuharibu matokeo.

Tutapelekwa kwenye mazoezi ya kuchunguza mlipuko. Tuanzie wapi, na wanafunzi hukosea wapi?
*Kikundi cha wanafunzi watano*

Anzeni kwa kuuliza kama mlipuko upo. Wagonjwa wakiongezeka wiki hii, linganisheni na wiki kama hii ya miaka iliyopita. Maabara ikipata kipimo kipya, zahanati mpya ikifunguliwa, au watu wengi wakihamia eneo, idadi hupanda bila mlipuko wowote. Wakati huohuo hakikisheni utambuzi wa ugonjwa kwa kuona wagonjwa wachache na majibu ya maabara.

Kisha andikeni fasili ya mgonjwa: dalili zipi, watu gani, mahali gani, kuanzia tarehe gani. Mwanzoni iwe pana ili msiwaache watu, baadaye ibaneni kwa ngazi tatu: anayeshukiwa, mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa mgonjwa, aliyethibitishwa. Kosa kubwa hapa ni kuingiza chanzo mnachokishuku ndani ya fasili. Mkiandika “aliyeharisha baada ya kula saladi”, kila mgonjwa wenu atakuwa amekula saladi, na hesabu itathibitisha kile mlichokwisha kuamua.

Tengenezeni orodha, mstari mmoja kwa mgonjwa mmoja: umri, jinsia, makazi, tarehe na saa ya dalili ya kwanza, sampuli, matokeo. Tarehe inayotakiwa ni ya kuanza kuumwa. Ya kufika hospitali inaweza kuchelewa siku kadhaa na kupindisha mchoro wote.

Mchoro wa mlipuko una wagonjwa kwenye mhimili wa wima na muda kwenye ulalo. Upana wa kila mstari wa wima wa mchoro, yaani muda unaowakilishwa na mstari huo, uwe robo hadi theluthi ya muda wa kuatamia, yaani muda wa tangu vimelea kuingia mwilini hadi dalili ya kwanza. Mkiweka mistari ya siku nzima kwa sumu ya bakteria wa stafilokokasi kwenye chakula, inayoanza kuumiza ndani ya saa 1 hadi 6 hivi, wagonjwa wote wataangukia mstari mmoja na hamtaona kitu. Kilele kimoja kinachopanda haraka na kushuka taratibu huashiria chanzo kimoja kwa wakati mmoja. Vilele vinavyofuatana, kila kimoja kikizidi kilichotangulia, huashiria maambukizi ya mtu kwa mtu.

Mchoro pia hukurudisha kwenye siku ya tukio. Homa ya ini aina ya A huatamia siku 15 hadi 50, kwa wastani 28. Mgonjwa wa kwanza akianza kuumwa tarehe 10 Machi, rudi nyuma siku 15: 23 Februari. Wa mwisho akiwa wa tarehe 7 Aprili, rudi siku 50: 16 Februari, kwa mwaka ambao Februari ina siku 28. Wa katikati akiwa wa tarehe 20 Machi, rudi siku 28: 20 Februari. Chunguzeni watu walikula na kunywa nini kati ya tarehe 16 na 23.

Mkihoji, hojini na wazima. Katika mfano wetu wa mkutano, 48 kati ya wagonjwa 55 walikula saladi. Inashawishi, lakini wagonjwa wote 55 huenda walikunywa maji, na wazima wote 95 vilevile. Bila wazima hamna asili. Na msishtuke na wale 7 walioumwa bila kula: huenda kijiko kilichotumika kwenye saladi kiligusa chakula kingine, wengine wamesahau walichokula, na mmoja au wawili wanaumwa kitu kingine kinachofanana.

Hatua za kudhibiti hazisubiri hesabu. Chakula kinachoshukiwa kiondolewe siku hiyohiyo, baada ya kuchukua sampuli. Kikitupwa kabla ya sampuli, ushahidi umekwenda nacho. Wala kupungua kwa wagonjwa si kuisha kwa mlipuko. Kwa kawaida husubiriwa vipindi viwili vya juu kabisa vya kuatamia bila mgonjwa mpya. Ebola huatamia hadi siku 21, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huhesabu siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho apimwe mara mbili na kukutwa hana virusi, au azikwe kwa usalama. Akijitokeza mgonjwa siku ya 40, hesabu inaanza upya.